Usitoboe huo ukuta, dada: tanuri la peleti kwenye nyumba ya kupanga

Dada wa Mkomani, Lamu, weka drili chini. Umeuliza bomba la tanuri lako liwe la ukubwa gani, peleti (vile vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ndiyo kuni zake) zinapatikana wapi, na kama moshi unaweza kutolewa ukutani. Halafu ukamalizia kwa maneno yaliyofanya chai inipalie: "dalali amesema hakuna shida." Dalali! Hao nadhani huzaliwa tumbo moja.

Mimi niko Malindi. Nilikuwa nimepanga nyumba ya mawe ya kizamani Shela (Shela yetu, si ile yenu). Mtaliano mmoja alikuwa anahama, akauza vitu vyake, nikachukua tanuri lake la peleti kwa bei ya kutupa. Ndiyo, ni lile la kupashia nyumba joto kwao wakati wa baridi, lina oveni juu yake. Malindi, mwezi wa Februari. Cheka umalize. Mikate yangu ya mofa ilikuwa inaiva vizuri, sitaki maneno. Ndani kuna skurubu inayosukuma peleti kidogo kidogo na feni inayopuliza, na moshi unatokea nyuma kwa bomba la milimita 80. Sasa huko nyuma ndiko kuliko na ukuta wa mtu.

Nikamuuliza dalali. "Toboa tu, mzee yuko Mombasa, hana neno, anachotaka ni kodi yake." Nikamwambia aniandikie, akacheka, ati kwani mimi wakili? Fundi akaingia na patasi. Kuta hizi unazijua, mawe ya matumbawe kwa chokaa: unagonga hapa, jiwe linachomoka kule. Tundu la kupitisha kikombe likaishia kuwa la kupitisha sufuria. Fundi akajaza saruji kuzunguka bomba, akalainisha, akachukua pesa yake akaenda zake.

Hiyo saruji ndiyo iliyonimaliza. Ukuta wa chokaa unapitisha unyevu, unaingia na kutoka. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unatafuta njia pembeni, na chumvi inaufuata. Masika yalipoingia, rangi iliyozunguka bomba ikavimba mapovu. Ukiigusa kwa kidole inapukutika unga mweupe, na ule unga ni chumvi tupu. Usiniulize nilijuaje.

Mzee akaja kwa Idi. Hata maji hakunywa. "Nani kakuruhusu?" Nikamtaja dalali. Akapigiwa simu pale pale mbele yangu, akasema hanijui vizuri. Hanijui! Mtu aliyekula mofa zangu akajilamba vidole! Mzee akatoa mkataba, na mstari wenyewe uko pale: mpangaji asibadilishe jengo bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Dipoziti ikaenda yote. Juu yake nikamlipa fundi wa chokaa, akang'oa saruji, akarudisha mawe, akapiga plasta upya tabaka kwa tabaka, maana chokaa haina haraka na mtu. Pesa hiyo ingeninunulia jiko la gesi lenye oveni yake na mtungi, na chenji ya biriani. Na nyumba nikahama.

Wewe uko pabaya kuliko mimi. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kubadilisha jengo la humo si mambo ya mwenye nyumba peke yake, watu wa Makumbusho ya Taifa nao wana neno lao. Dalali wako alikutajia hilo?

Unataka karatasi. Iwe na saini ya mwenye nyumba kwa mkono wake. Iseme tundu litakuwa ukuta upi, nani ataliziba ukihama na kwa kitu gani (chokaa, iandikwe kabisa CHOKAA), na kwamba tanuri ni mali yako utaondoka nalo. Kama nyumba ni ya mirathi, saini za warithi, maana yule mmoja aliyeko Jeddah ndiye atakayekuja kupiga kelele. Kama ni ya wakfu, nenda kwa msimamizi wake. Sauti ya WhatsApp ya dalali si karatasi. "Hana neno" si karatasi.

Bomba, haya: liwe la kuta mbili, na likae mbali na boriti na makuti, mbali kweli kweli. Na stima ikipotea feni inasimama, moshi unaweza kukurudia ndani, kwa hivyo usiliwashe ukalala. Langu siku hizi liko uani juu ya fremu ya chuma, bomba limesimama peke yake, halijagusa ukuta wa mtu. Na hata hapo uani nilidai karatasi.

Jaribu hivi: mwambie huyo dalali asaini yeye kwamba tundu likileta maneno atalipa yeye. Uone kama atapokea simu yako tena.