Kaka Anaomba Radhi, Nami Nilimsomea Halbadiri

Shangazi,

Assalaam aleikum. Nina umri wa miaka 44 na ninaishi Mombasa. Baba yetu alifariki mwaka 2008 akatuacha wawili, mimi na kaka yangu, mama akiwa ametangulia zamani. Mwaka uliofuata kaka aliiuza nyumba ya baba iliyoko Majengo bila kunishauri, na hata shilingi moja sikuiona, wakati nilikuwa nimeachika na nina mtoto mchanga mgongoni. Wazee wa ukoo waliniambia nifunike kombe. Kwa hasira nilikwenda kusomesha halbadiri, na tangu hapo sijasema naye. Nakala ya hati ya mauzo ninayo hadi leo, ndani ya bahasha chini ya godoro. Mwezi uliopita kaka alipata kiharusi, upande wake wa kulia hauna nguvu, na wifi yangu ameniletea ujumbe kwamba anaomba nimsamehe kabla ya Ramadhani. Nikisujudu ninamwona yeye. Sijui kama bado ninamchukia au ninaogopa kwamba ni mimi niliyemlaza kitandani. Ninatamani kuuingia mwezi mtukufu nikiwa mtu mpya, lakini sijui pa kuanzia.

Mwenye Bahasha, Mombasa

Mwanangu,

Wa aleikumu salaam. Barua yako nimeifupisha ili ienee hapa, lakini niliyoisoma mimi ilikuwa na kurasa sita, na nne kati ya hizo zilihusu mwaka 2009 peke yake: siku ulipopata habari, jinsi ulivyobisha hodi ukafunguliwa na watu usiowajua, hata rangi ya kanga uliyombebea mwanao. Maradhi ya kaka yako yamepata nusu ukurasa. Mwanao, ambaye sasa ni kijana, umemtaja mara moja tu, pale uliposema kwamba harusini alikataa kumpa mkono binamu yake. Nitarudi kwake.

Kwanza niseme juu ya halbadiri, kwa kuwa ninaona ndiyo inayokunyima usingizi. Sisi watu wa pwani tunaijua, ingawa wengi hawapendi kuitaja mchana. Husomwa majina ya masahaba waliopigana vita vya Badri mwaka wa 2 Hijria, na aliyedhulumiwa huomba haki yake kwa baraka zao. Masheikh wanahitilafiana juu ya kisomo hicho, nami si mwanachuoni wa kuamua baina yao. Kamuulize sheikh unayemwamini. Ninalojua ni kwamba kiharusi kina sababu zinazofahamika hospitalini, shinikizo la damu likiwa la kwanza, na wewe mwenyewe umeandika kwamba marehemu baba yenu naye alikuwa na presha. Utanijibu kwa hadithi ya sahaba Muadh bin Jabal, aliyeusiwa na Mtume alipokuwa akipelekwa Yemen kwamba aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa sababu hakuna pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Ni kweli. Lakini dua ni ombi, na mwenye kuomba hakati hukumu wala hajui alichojibiwa. Kwa miaka 15 ulikuwa hakimu wa kaka yako, na sasa baada ya yeye kulala umejiongezea cheo, ukawa pia mtekelezaji wa hukumu. Viti vyote viwili si vyako, mwanangu, na ninadhani uzito unaouhisi ukisujudu ni uzito wa kuvikalia.

Kinachokuhusu ni nia uliyokuwa nayo siku ile. Ikiwa ulimtakia maangamizi na si haki yako tu, basi toba yake unaijua tangu madrasa: kuliacha jambo, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Sikushauri ukamweleze mgonjwa habari za kisomo. Wapo wanachuoni waliosema juu ya kusengenya kwamba, ikiwa kumfunulia uliyemsengenya kutazidisha madhara, basi umwombee na umtaje kwa wema palepale ulipokuwa ukimtaja kwa ubaya, na mimi ninaona busara hiyo inafaa hapa pia.

Sasa msamaha wenyewe. Wazee waliokwambia ufunike kombe walikosea, na ninalisema hili bila kumung'unya maneno kwa sababu nimeona wanawake wengi wakifunikishwa makombe ambayo hayakuwa yao. Katika Suratun Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa na mtu aliyedhulumiwa. Ulikuwa na ruhusa ya kusema, ukanyamazishwa, na dhuluma iliyokosa pa kusemewa ikahamia chini ya godoro. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, watu wana desturi ya Mwaka Kogwa, ambapo wanaume hupigana kwa migomba uwanjani ili hasira za mwaka ziishie hapo. Sikutumi ukampige mtu migomba, na mgonjwa haswa. Ninachosema ni kwamba hata wahenga walitambua kuwa kinyongo kinahitaji kutolewa nje kabla ya kuachwa.

Unaogopa, nadhani, kwamba kusamehe ni kurudi kuwa kama mlivyokuwa utotoni, na moyo wako unakwambia hutaweza. Nikukumbushe visa viwili ambavyo bila shaka umevisikia, ila pengine hukuviweka pamoja. Cha kwanza ni cha Abubakar na jamaa yake Mistah, ambaye alikuwa akimsaidia kwa chakula na matumizi, kisha Mistah akashiriki kumzulia Bibi Aisha, binti wa Abubakar. Abubakar aliapa kutompa kitu tena, ikashuka aya ya 22 ya Suratun Nur inayouliza: je, ninyi hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Akajibu kwamba anapenda, akamrudishia msaada wake wote. Cha pili ni cha Wahshi, aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, katika vita vya Uhud. Miaka ilipita, Wahshi akaja kusilimu, na Mtume (S.A.W.) akaupokea Uislamu wake, hakumlipizia kisasi. Lakini alimuuliza kama angeweza kuuweka uso wake mbali naye. Wahshi akaondoka akaishi maisha yake, na baadaye akapigana upande wa Waislamu katika vita vya Yamama.

Nimekikariri kisa hicho cha Wahshi kwa wengi walioniandikia, kwa sababu kinafungua mlango ambao mahubiri mengi huupita haraka. Mtu aliyekuwa na moyo mpana kuliko sote alisamehe, na bado kuutazama uso ule kulimuumiza. Hakuna awezaye kusema kwamba msamaha wake ulipungua. Kwa hiyo kama utaweza ya Abubakar, ni neema. Kama huwezi zaidi ya kumwambia kaka yako kwamba humshtaki tena mbele ya Mola wake, kisha ukarudi nyumbani na usimtembelee kila Ijumaa, bado umesamehe.

Nyumba ni jambo jingine, na nakuomba usilichanganye na hilo. Mkiwa warithi wawili tu, fungu lako lilikuwa theluthi moja na lake theluthi mbili, na theluthi hiyo ni deni shingoni mwake. Hata shahidi, kwa hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, husamehewa kila kitu isipokuwa deni, kwa hiyo ujumbe wa wifi yako haujalifuta. Una hiari ya kulidai lote, kulipunguza au kulisamehe, na lolote utakalochagua halina aibu, ila lisemwe waziwazi mbele ya mashahidi, kwani msamaha wa nusu ndio utakaokurudisha kwenye bahasha mwakani. Ukiamua kudai, mweleze sasa akiwa na kauli yake, kwa sababu deni alilolikiri hutolewa kabla ya mirathi yake kugawanywa, na hivyo hutawaburuta watoto wake baadaye. Mkishindwa kuelewana kwa wazee, Mahakama ya Kadhi ipo kwa mujibu wa ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, na mirathi ya Waislamu ni miongoni mwa kazi zake. Kwenda huko hakuitii dosari saumu yako.

Mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo. Nenda basi kabla ya siku ya vunjajungu, wakati nyumba ya mgonjwa bado ina utulivu, na umjulishe wifi yako mapema ili usiwakute wageni. Bahasha ichukue, umkabidhi mzee mtakayeafikiana naye awe shahidi au wakili utakayemchagua, nayo isirudi tena chini ya godoro, liwalo lote. Usiandae hotuba. Mweleze kwamba umekuja kwa sababu ameita, halafu umwache aseme yeye kwanza, hata kama ulimi wake ni mzito na itachukua muda.

Na nenda na kijana wako. Yeye hakuwahi kuiona nyumba ile akiwa na akili zake, bali amerithi kutoka kwako hasira ya nyumba hiyo, tena kwa ukamilifu kuliko wewe ulivyorithi nyumba. Mweleze njiani kwamba hili lilikuwa lako na mjomba wake, na kwamba leo unaliweka chini. Mkifika amwamkie mjomba wake, na aushike ule mkono wa kulia usioweza kuinuka.