Ghorofa haibebwi na punda

Mmeuliza wiki hii: mke na mume wakiachana, nani abaki na nyumba, na pesa zigawanywe vipi?

Kwetu Amu, yaani mji wa Lamu, swali la kwanza lina jibu la zamani. Baba humjengea bintiye nyumba, mume huja kukaa kwa mkewe. Yakiwashinda, mwanamume ndiye anayebeba begi. Yangu hayakuwa mepesi hivyo. Chini alinipa baba, juu tukajenga wenyewe, na boriti na saruji karibu zote alinunua mwenzangu kwa pesa za boti. Ilipotoka talaka, ghorofa ile ya nani? Huwezi kuibomoa ukampakia punda.

Kaka zangu walitaka atoke mikono mitupu. Nilikataa, maana daftari la fundi ninalo mimi: kila mfuko umeandikwa, na kurasa zina madoa ya mafuta ya mahamri. Mifuko 114 yake, 26 yangu. Lakini daftari halisemi kwamba miezi ile yote pesa zake zilipokuwa zikiishia kwenye saruji, unga, umeme na karo vilitoka kwenye karai langu la mahamri. Hapo ndipo wanawake wengi tunapopunjika: chetu kimeliwa, chake kimesimama ukutani.

Hapa Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na ulezi kuwa mchango, ingawa Mahakama ya Juu ilisema 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Sisi Waislamu sheria hiyohiyo inaturuhusu kufuata dini, basi tukaenda kwa kadhi. Akasikiliza, akatusuluhisha: nimrudishie sehemu ya saruji, 5,000 kila mwezi, naye matumizi ya watoto yasikatike. Mahari hayakuguswa, ni yangu.

Wasichokumbuka watu ni madeni. Alikuwa amekopa kwa laini yangu ya simu, na ujumbe wa kudaiwa ukaniingilia mimi, tena sulhu imeshaandikwa. Ulizeni madeni kabla ya kugawana masufuria.

Na kilichotaka kuvunja sulhu hakikuwa ghorofa, ilikuwa friza. Nimeinunua mimi, barafu akiuzia wavuvi yeye. Asubuhi nzima tulibishana, mpaka nikasema achukue. Wazee wakanisifu kwa roho safi. Mlango wake haukuwa ukifunga tangu Ramadhani.

Msomaji, Langoni, Lamu