Mbegu haili mbolea

SWALI: Nina kishamba Ruai. Mvua ilipoanza nilipanda mahindi na maharagwe ya rosekoko. Kwenye agroveti niliuziwa chupa ya busta kwa shilingi 650, nikaambiwa niloweke mbegu humo usiku kucha, kisha nitie kijiko cha mbolea ya DAP kwenye kila shimo ili mbegu ipate chakula cha kuanzia. Leo ni siku ya 12 na nusu ya mashimo hayajatoa kitu. Nilipofukua nilikuta mbegu zimevimba, zinateleza na kunuka. Je, kipimo kilikuwa kidogo? Niongeze mbolea?

JIBU: Usiongeze chochote, dada. Weka kijiko chini kwanza.

Hicho "chakula cha kuanzia" nakisikia kila msimu, na kila msimu kinanikera upya. Chakula cha kuanzia kimo ndani ya mbegu. Mmea mama ulikifungasha msimu uliopita. Chukua punje ya mahindi ya kula, iloweke usiku mmoja, uipasue kwa kisu kutoka juu hadi kwenye ncha. Kile kipande kilicholala upande mmoja kuelekea nchani ndicho mche mchanga. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga, posho yake ya safari. Harage nalo lina vipande viwili, vile vinavyoachana ukizidisha moto kwenye githeri. Hilo ndilo ghala. Likiota, vipande hivyo huinuka juu ya udongo, husinyaa siku baada ya siku, kisha hudondoka. Vimeliwa.

Maji yakiingia, mche huo mchanga hutoa homoni, vimeng'enya vinaanza kazi, wanga unakatwakatwa kuwa sukari. Si jambo la kuamini kwa imani tu. Nyanya zetu walikuwa wakiotesha wimbi kwenye gunia la maji matupu kupata kimea. Tafuna kimea uone kilivyo kitamu. Utamu huo ni wanga uliogeuka. Nani aliwahi kunyunyizia kimea DAP?

Mbegu inachotaka kutoka kwako ni maji, joto na hewa. Hewa ndiyo inayosahaulika. Ile sukari haiwezi kutumika vizuri bila oksijeni, kama jiko la makaa lisivyowaka likizibwa. Mbegu ikizama, huanza kuchacha ndani kwa ndani, sukari huvuja nje, na kuvu na bakteria hukaribishwa mezani. Harufu uliyoikuta ndiyo hiyo. Maharagwe hasa hayapendi kulowekwa usiku kucha: yanafyonza maji kwa kasi hadi yanapasuka. Kisha ukayafukia kwenye udongo mweusi wa huko kwenu, ambao mvua ikinyesha hushika maji kama sufuria. Na kama mbegu zako zilikuwa na ile rangi ya dawa, basi uliiosha dawa iliyowekwa kuzilinda na kuvu hao hao.

DAP haina kosa. Ni mbolea nzuri, ina fosforasi ambayo mizizi itaihitaji posho ikianza kwisha. Lakini ni chumvi. Ikigusana na mbegu huishindania maji, na amonia inayotoka humo huunguza mzizi mchanga. Ndiyo maana tunasema kifuniko cha soda kwa shimo, uchanganye na udongo, ufunike kidogo, halafu ndipo mbegu. Aliyekuuzia chupa hakukwambia hilo kwa sababu udongo hauuzwi dukani.

Na si yeye peke yake. Nimeona watu wakiloweka mbegu kwenye soda, maziwa, hata asali, eti "zipate nguvu". Sukari hiyo inanenepesha kuvu tu. Nimeona mbegu za sukuma wiki, ambazo gramu moja ina zaidi ya 200, zimefukiwa kina cha kidole kizima. Posho ya kitu kidogo hivyo inaishia njiani kabla hakijaona jua, na hakuna chupa inayoweza kuirefusha. Sentimita moja ya udongo inatosha. Nimeletewa pia mbegu za miaka mingi "zifufuliwe". Wanga umo wote, lakini mche wa ndani umekufa. Ghala limejaa, mwenye nyumba hayupo.

Kwa hiyo pesa yako ipeleke kwenye mbegu yenyewe: pakiti iliyofungwa, tarehe haijapita, yenye stika ya kukwangua ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Chupa isiyo na lebo inayosema ndani mna nini, iache ilipo.

Bado una muda wa kurudishia mashimo matupu. Kabla ya hapo, chukua mbegu 10 za kila aina zilizobaki, kavu, ambazo hazikuingia kwenye busta. Zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, kisiwe kinachuruzika maji, uweke mahali penye joto jikoni, mbali na watoto kama zina dawa. Baada ya wiki moja hesabu. Zikiota 8 au zaidi, panda hizo hizo. Zikiota 4, zirudishe dukani pamoja na risiti, na ile chupa pia.