Krismasi Uchagani: zawadi usibebe Kariakoo, nunua hukohuko

Dada mleta mada, umesema hii ni Krismasi yako ya kwanza ukweni Marangu, una laki nne, na unataka kujua ununue nini Kariakoo na watoto wa mashemeji utawatembeza wapi. Mimi nimezaliwa Vunjo, naishi Dar, na Desemba napanda mlimani kama wenzangu wote. Ushauri wangu: Kariakoo chukua kitenge kizuri cha mama mkwe, basi. Hela iliyobaki panda nayo.

Ukifika stendi ya Mbezi wiki ya Krismasi utaona watu wanalipia mizigo: mfuko wa sukari, kiroba cha mchele, katoni za soda. Sukari inatengenezwa kiwanda cha TPC, Arusha Chini, hapo chini ya mji wa Moshi. Mchele unalimwa Mabogini na Chekereni kwa maji ya mfereji, na ni mchele mzuri. Soda zinajazwa Moshi mjini, kiwandani Bonite. Yaani mtu anatoa nauli ya mzigo kurudisha Kilimanjaro kitu kinachotoka Kilimanjaro, halafu yule mangi wa duka la pale kijijini, aliyewakopesha wazazi wetu chumvi na mafuta ya taa mwaka mzima, anamwona akipita na katoni zake.

Hili linaniuma kweli. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilichosomesha watoto enzi za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, leo kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi kimebaki vipande, na kahawa yenyewe wengi wameing'oa. Desemba ndio mwezi pekee ambao hela inapanda mlimani kwa wingi. Mama anayeuza ndizi Marangu Mtoni anategemea mwezi huo apate sare na madaftari ya Januari. Kwa hiyo ukinunua kwake, zawadi umetoa mara mbili.

Sasa tuje kwa wakwe. Kitenge usikishone Dar. Kitume kwa basi mapema, wiki ya kwanza ya Desemba, mwambie mumeo ampigie mama yake aende kwa fundi wake mwenyewe akapimwe. Fundi wa kule anajua mama mkwe wako anapenda mkono mrefu kwa ajili ya baridi, na anajua gauni la kanisani linatakiwa lifike wapi. Ukichelewa hadi tarehe 20 utakuta cherehani zote zimejaa nguo za watu na hakuna atakayekupokea.

Zawadi ya baba mkwe ndiyo inayowasumbua wengi, na hapo nakushauri uende Mamba, jirani tu na Marangu, kwa wahunzi. Ufundi huu wanaurithi baba kwa mwana tangu zamani za mikuki na kengele za ng'ombe. Mimi nilikwenda kumtengenezea baba yangu mundu wa kukatia majani ya mifugo. Mzee alikuwa amekaa chini, kijana anapuliza moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na chuma chenyewe ni kipande cha springi ya gari bovu. Kabla hajapiga nyundo ya kwanza akaniuliza, "Baba anakatia mkono gani?" Nikamwambia kushoto. Akatikisa kichwa, akageuza kipande, akaanza. Baba yangu alikuwa ametumia mundu wa mkono wa kulia maisha yake yote kwa sababu dukani hakuna mwingine. Alipoushika akatoka nao moja kwa moja kwenda mgombani, hata chai hakumaliza. Kwa hiyo muulize mumeo mkono wa baba yake, na uende mapema, maana kazi ya moto haina haraka.

Mbuzi wa kuchinja ni suala la wanaume wa familia, wewe changia tu. Ila wasisitize wamnunue kwa jirani aliyemfugia bandani kwa majani ya kukata, tena wamlipie kabla ya katikati ya mwezi, kwa sababu bei za wiki ya mwisho hazishikiki. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nayo inaagizwa. Ndizi lazima ziive, zipikwe, zipoe, ulezi uoteshwe na usagwe, ichanganywe, isubiri. Hiyo ni kazi ya zaidi ya wiki. Mama anayepika vizuri kila kijiji kinamjua. Ukimtanguliza hela utakuwa umemsaidia kununua ulezi, ambao ndio unaokula mtaji.

Watoto wapelekee viatu vya shule. Moshi kuna kiwanda cha viatu vya ngozi halisi, Karanga, na Januari ipo mlangoni. Omba mashemeji wakutumie namba za miguu kwenye simu. Mdoli wa plastiki utavunjika kabla ya mwaka mpya.

Kuhusu kutembea, wengi watakwambia Chemka, kwenye chemchemi ya kuogelea. Maji yake ni mazuri ajabu, lakini iko upande wa Hai, mbali na Marangu, na sikukuu panajaa kiasi kwamba watoto hawaogi kwa raha. Anza na maporomoko ya Kinukamori, yapo hapohapo Marangu, kiingilio kidogo, na huhitaji gari la kukodi. Halafu siku moja, ikiwa watoto ni wakubwa kidogo, wapandishe kutoka lango la Marangu la hifadhi ya Mlima Kilimanjaro hadi Mandara, kambi ya kwanza ya njia hiyo. Ni mita 2,720, mnapita ndani ya msitu wenye mbega na miti inayoning'inia kama ina ndevu, mnakula chakula mlichobeba, mnashuka siku hiyohiyo. Mtanzania halipi kiingilio cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa (NIDA), na mwongozaji mchukue kijana wa hapo kijijini mwenye leseni. Tafadhali fanya hili. Wapo watoto waliozaliwa chini ya mlima huu wakaondoka kwenda kutafuta maisha bila kukanyaga msitu wake, wakati wageni wanavuka bahari kuja kuukanyaga. Bebeni masweta na makoti ya mvua.

Siku ya kuondoka usisahau wa Dar. Chukua mkungu wa ndizi za mtori sokoni, na kahawa iliyokaangwa. Marangu zipo familia zinazokaanga na kutwanga kwenye kinu mbele yako, watoto watapenda kutwanga pia. Kahawa ya mlima huu ni arabika, imelimwa hapa tangu wamisionari wa Kilema walipoileta mwishoni mwa karne ya 19, na pakiti moja kwa bosi wako ni zawadi ya heshima. Ukipita Moshi mjini ukiwa huna muda, mgahawa wa Union ulio kwenye jengo la zamani la KNCU unauza ya pakiti.

Laki nne inaweza kukufikisha mbali, ila mbuzi mzima hapana. Niandikie idadi ya watoto na umri wao, nikupigie hesabu ya viatu na Mandara kwanza, kisha tuone kinachobaki kwa mbege.