Kabla mtoto wa mbwa hajafika nyumbani
Umeuliza uanzie wapi kabla mtoto wa mbwa wa wiki 8 hajafika. Piga magoti, utambae chumba kizima. Utaona soksi, vifungo, sindano na nyaya ambazo ukiwa umesimama huzioni. Nyaya za umeme ndizo zinazonitisha zaidi: kati ya miezi 3 na 6 meno hubadilika, fizi zinamsumbua, atatafuna chochote. Zipitishe nyuma ya kabati. Chokoleti, zabibu, vitunguu, na hasa chingamu isiyo na sukari yenye zailitoli (xylitol, kitu kitamu kinachotiwa badala ya sukari), ni sumu kwake, kwa hiyo hata mkoba wa mgeni usikae sakafuni. Sumu ya panya iondoe kabisa, usiifiche tu. Ngazi ziwekee kizuizi. Akimeza kitu, mpigie daktari wa mifugo papo hapo. Tafadhali usimtapishe mwenyewe.