Anoreksia si kukosa hamu ya kula
Ndugu, umeuliza kama inafaa kuwaelezea wasomaji wa kawaida kwamba anoreksia ni "kukosa hamu ya kula". Hiyo ndiyo maana ya jina ambalo daktari William Gull wa London alilichapisha mwaka 1874, lakini jina lenyewe linapotosha, kwa kuwa mgonjwa mara nyingi huhisi njaa, na huweza hata kuwapikia wenzake kisha akaketi mezani akikatakata chapati vipande vidogo vidogo asivyovila, kwa hofu ya kunenepa. Andika "ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula", wala usiuite maringo ya wasichana: wavulana nao huugua, na moyo unaweza kusimama. Kilo na kalori usizitaje kabisa. Msomaji anayeugua huzigeuza shindano.