Je, kondoo "mjamzito" alizamishwa?

Swali: Ninafasiri kijitabu cha mafunzo ya kupiga mbizi. Nimeandika: "Kondoo wajawazito walizamishwa hadi mita 30, na watoto wao tumboni walipata mapovu." Mhariri amekataa karibu kila neno. Nimekosea wapi?

Jibu: Nianze na "walizamishwa", maana ndilo linalopotosha zaidi. Msomaji ataona kondoo wametoswa baharini wakafa maji. Kumbe hawakulowa hata kidogo. Katika majaribio hayo mnyama huingizwa kwenye chemba kavu, mlango hufungwa, kisha hewa hushindiliwa ndani. Kwenye kina cha mita 30 mgandamizo ni mara 4 ya ule wa juu ya maji, na chemba huufikia bila tone la maji. Huwezi kusema "walipiga mbizi", wala "walizamia": anayezamia hufuata kitu chini, kama lulu, au siku hizi hujificha melini asafiri bila tiketi. Sema waliwekwa kwenye chemba ya mgandamizo. Neno "mgandamizo" watu wanalijua. Hulisikia kila siku kwenye utabiri wa hali ya hewa.

"Mapovu" nayo ni ya sabuni, au ya mdomoni mwa mgonjwa. Gesi iliyoyeyuka kwenye damu, mgandamizo ukishuka haraka, hutoka kama viputo. Hapa usahihi una uzito wake. Kwa mama, viputo vingi hunaswa mapafuni. Kijusi hakipumui, na damu yake nyingi huyapita mapafu kando, hivyo kiputo kinaweza kwenda moja kwa moja kwenye moyo au ubongo. Ndiyo maana wanawake wenye mimba hushauriwa wasipige mbizi na mitungi ya hewa, na kijitabu chako lazima kieleweke.

Sasa "wajawazito". Tazama wingi wake: waja, wazito. Ni maneno mawili yaliyoshikana, na mja ni mwanadamu, kama katika "mja wa Mungu". Neno lilizaliwa kumsitiri mwanamke. Kondoo ana mimba, basi, naye huzaa; kujifungua tumwachie mama. Najua magazeti huandika "simba mjamzito", lakini mimi silikubali. Na kijusi kikifa kikatoka, usiandike "alitoa mimba", kana kwamba alikusudia. Wafugaji husema ametupa mimba, nao wako sahihi.

Ningeandika hivi: "Kondoo wenye mimba waliwekwa kwenye chemba, mgandamizo ukapandishwa hadi ule wa kina cha mita 30. Uliposhushwa, viputo vya gesi vilionekana katika damu ya vijusi."

"Kupiga mbizi" mwekee nguva. Yeye hubeba mimba zaidi ya mwaka mzima, na muda wote huo hushuka kula majani ya bahari kwa pumzi aliyovuta juu, bila mtungi.